Tarumbeta Halipimwi kwa Kilo

Wahenga walinena kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mbiu hiyo ilikuwa pembe ya mnyama. Ikipulizwa, watu waliacha majembe na vyungu jikoni wakakusanyika wasikie habari. Huko Lamu palikuwa na siwa, pembe kubwa ya kifahari iliyopulizwa siku za heshima tu, na siwa ya shaba ya mji huo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho. Jirani zetu Wajaluo nao wana pembe yao waiitayo oporo. Basi mpenzi msomaji, usidhani kwamba tarumbeta ni kitu cha Wazungu watupu. Chombo chenyewe cha shaba, ndiyo, kilikuja kwa meli. Lakini kupuliza pembe ili watu wasimame wakasikiliza, hilo tulikuwa nalo tangu dahari.

Mwaka huu mbiu imelia hapa shuleni kwetu, na jambo lenyewe ni hili. Ndani ya stoo iliyo nyuma ya maktaba mna ala za bendi ya zamani ya shule: matarumbeta manne, trombone mbili, tuba moja iliyobonyea tumboni kama sufuria ya harusi, na ngoma kubwa ambayo panya wameifanya nyumba. Katika mkutano wa wazazi wa muhula wa pili, mzazi mmoja alisimama akapendekeza ala hizo ziuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wale tunaowaona kila siku wakipita Malaba na Busia na mizani zao. Alisema shaba ina bei kuliko chuma, na pesa zitakazopatikana zitanunua vitabu vya marudio kwa kidato cha nne. Wazazi wengi walipiga makofi. Uamuzi uliahirishwa hadi muhula ujao, na wenzangu wa Chama cha Kiswahili wakanipa kazi ya kuandika maoni yetu katika jarida hili.

Simlaumu mzazi yule. Vitabu ni vichache kweli, na mwenye njaa hachagui. Tena alisema jambo moja ambalo sharti lijibiwe. Alisema, "Nionyesheni mtu mmoja tu aliyekula chakula kwa sababu ya hiyo tarumbeta. Mmoja tu!" Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na wenzangu wawili tuliopewa kazi ya kugawa soda, nikasema moyoni: yupo. Hakutoka Malaba wala Busia, lakini nikikupa habari zake utaona kwamba hayuko mbali nasi jinsi ramani inavyosema. Jina lake ni Hugh Masekela.

Kabla sijamfikia, acha nieleze neno "jazi", maana huku kwetu linachanganya watu. Ukimwambia mzee wa Busia "jazi", atafikiria gitaa na kucheza dansi. Wala hajakosea. Bendi za dansi za Afrika ya Mashariki na Kongo zilijiita Jazz tangu zamani. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932. African Jazz ya Joseph Kabasele ilifuata huko Léopoldville mwaka 1953, kisha OK Jazz ya Franco ikazaliwa mjini humo humo mwaka 1956. Huku ziwani tulikuwa na Shirati Jazz ya D. O. Misiani, Mtanzania aliyevuka mpaka akawa mfalme wa benga nchini Kenya, na Victoria Jazz ya Ochieng Nelly na Collela Mazee. Bendi nyingine ya benga haikuwa na tarumbeta hata moja, lakini jina Jazz lilikuwa pale pale. Neno lile lilimaanisha "sisi ni watu wa kisasa, njooni mjini." Jazi yenyewe ya Marekani ilizaliwa New Orleans miongoni mwa watu weusi, na ndani yake tarumbeta ndilo lililokuwa jogoo.

Hata matarumbeta yenyewe yana historia ndefu katika pwani yetu. Kule Freretown karibu na Mombasa, kijiji kilichoanzishwa na wamishonari mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, palikuwa na bendi ya shaba. Kutokana na bendi za namna hiyo na za wanajeshi, vijana wa Lamu na Mombasa walibuni ngoma iliyoitwa beni. Walivaa sare, wakaandamana, wakashindana, Kingi upande huu na Scotchi upande ule. Vita Kuu ya kwanza ilipopigwa, askari na wapagazi waliibeba beni hadi bara. Kwa hivyo mtu akiniambia kuwa matarumbeta si mila yetu, namuuliza: mila inataka miaka mingapi?

Turudi kwa Masekela. Alizaliwa tarehe 4 Aprili 1939 huko Witbank, mji wa machimbo ya makaa ya mawe nchini Afrika Kusini. Alilelewa na nyanyake, aliyekuwa akiuza pombe nyumbani kwa wachimba migodi, kinyume cha sheria za makaburu. Fikiria basi, msomaji wa Malaba, jinsi mazingira hayo yanavyofanana na yetu: mji wa wapita njia, wanaume waliotoka nchi za watu, pesa za Jumamosi, kelele usiku kucha, na mtoto amelala chumba cha pili akisikia kila kitu. Wengi wetu tumelala chumba hicho. Mtoto wa namna hiyo ana masikio makali. Hugh alisikia nyimbo za wachimba migodi na santuri za gramafoni, akaziimba zote.

Alipokuwa kijana alitazama filamu ya mwaka 1950 iitwayo Young Man with a Horn, ambamo Kirk Douglas anaigiza mpiga tarumbeta. Akatoka pale hana lingine kichwani. Wakati huo alikuwa mwanafunzi wa shule ya Mtakatifu Petro huko Rosettenville, Johannesburg, na alikuwa mtundu kupita kiasi. Kasisi wa pale, Trevor Huddleston, alimwuliza anataka nini hasa maishani. Kijana akajibu kuwa akipata tarumbeta hatamsumbua mtu tena. Kasisi angeweza kumchapa viboko au kumfukuza, na pengine watu wangemsifu kwa kulinda nidhamu. Badala yake alimtafutia tarumbeta. Hugh alikuwa na umri wa miaka 14.

Hapo pana jambo ambalo watu husahau. Tarumbeta bila mwalimu ni bomba la maji. Huddleston hakujua kulipiga, kwa hiyo alimwita mzee mmoja wa bendi ya shaba ya manispaa ya Johannesburg, bendi ya watu weusi, aliyejulikana kama Uncle Sauda, aje amfundishe kijana misingi. Uncle Sauda hakuwa nyota. Nina hakika hata wewe msomaji hujawahi kulisikia jina lake hadi leo. Alikuwa mtu wa bendi tu, wa sare na maandamano. Lakini vidole vyote vilivyokuja kushangaza dunia baadaye, yeye ndiye aliyevionyesha pa kubonyeza. Wavulana wengine walipoona, nao wakataka ala, na muda si muda shule ikawa na bendi yake, Huddleston Jazz Band.

Kasisi yule aliwapinga makaburu wazi wazi, na wakubwa wa shirika lake wakamwita arudi Uingereza. Akiwa safarini Marekani alikutana na Louis Armstrong, mfalme wa tarumbeta duniani, akamsimulia habari za wale wavulana. Armstrong hakuwajua, lakini alitoa tarumbeta lake mwenyewe, likatumwa hadi Johannesburg. Mwaka 1956 mpiga picha Alf Kumalo alimnasa Hugh hewani, miguu haigusi ardhi, tarumbeta mkononi, meno yote nje. Ukiiona picha hiyo hutahitaji mtu akueleze furaha ni nini.

Sasa sikiliza jinsi dunia ilivyo ndogo. Mwaka 1960 Huddleston alikuja kuwa askofu wa Masasi, kusini mwa Tanganyika, akakaa huko hadi mwaka 1968, miongoni mwa watu wanaosema Kiswahili kama mimi nawe. Na mwaka huo huo wa 1960 Armstrong naye alizuru Afrika na tarumbeta lake, akafika Kongo, Kenya na Uganda. Aliyeomba tarumbeta na aliyelitoa wote walikanyaga ardhi hii yetu.

Masekela mwenyewe aliendelea mbele. Mwaka 1959 yeye, mpiga piano Dollar Brand, Kippie Moeketsi, Jonas Gwangwa na wenzao waliunda kundi la Jazz Epistles, wakatoa santuri ndefu ya kwanza ya jazi kurekodiwa na bendi ya weusi wa Afrika Kusini. Lakini tarehe 21 Machi 1960 polisi waliwamiminia watu risasi huko Sharpeville, wakafa 69. Mikusanyiko ikapigwa marufuku. Mwanamuziki atapiga wapi watu wasipokusanyika? Kijana wa miaka 21 akaondoka nchini. Hakurudi kuishi kwao kwa miaka 30.

Alisaidiwa na wengi, akiwemo Miriam Makeba, ambaye baadaye waliwahi kuoana. Huyo ndiye mama aliyeimba Malaika yetu hadi dunia nzima ikaijua. Hugh alipata nafasi katika chuo cha Manhattan School of Music mjini New York. Mwanzoni alitaka kupiga jazi kama Wamarekani wenyewe. Wakubwa wa jazi kule walimshauri aache kuwaiga na achanganye muziki wa kwao, maana wapiga jazi wa Kimarekani walikuwa wamejaa tele na yeye angekuwa mmoja tu kati ya maelfu. Alisikia ushauri. Mwaka 1968 kibao chake Grazing in the Grass, kisicho na neno hata moja la kuimba, kilishika nafasi ya kwanza nchini Marekani. Mzazi wetu alitaka mtu mmoja aliyekula chakula kwa tarumbeta. Huyo alikula, akashiba, akasaza.

Mwaka 1974 alirudi Afrika kwa kishindo. Yeye na rafikiye Stewart Levine waliandaa tamasha la siku tatu mjini Kinshasa mwezi wa Septemba, kuambatana na ndondi za Muhammad Ali na George Foreman. James Brown, B. B. King na Celia Cruz walikuja, wakakutana jukwaani na Franco, Tabu Ley na Miriam Makeba. Foreman alikatwa juu ya jicho mazoezini, ndondi zikaahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba, lakini muziki haukungoja mtu.

Mwaka huo huo alitoa wimbo ulionifanya mimi nimjue. Unaitwa Stimela, yaani gari la moshi. Marehemu kuka yangu, yaani babu mzaa baba, alikuwa kibarua wa kupakia mabehewa hapa stesheni ya Malaba. Reli yetu ilifika Kampala mwaka 1931, na kuka alikuwa akijigamba kwamba hakuna gunia la kahawa lililopita hapa wakati wake bila kumgusa bega. Alikuwa na kaseti chache alizonunua Sofia, ng'ambo ya Busia, na moja ilikuwa ya Masekela. Kiingereza hakukijua vizuri. Lakini pale Masekela anapoanza kuliigiza gari la moshi kwa mdomo wake, filimbi yake, pumzi yake, magurudumu yake, kuka alikuwa akisema: "Huyu mtu alifanya kazi reli. Huyu si bure."

Nilipokua nikajua maana. Wimbo ule unasimulia treni zinazobeba vijana na wazee kutoka Malawi, Zambia, Msumbiji, Lesotho na kwingineko, wakapelekwa Johannesburg kuchimba dhahabu chini ya ardhi kwa mshahara wa kijungu jiko, wakilala katika mabweni machafu na kuota wake na watoto waliowaacha nyuma. Masekela hakuusoma habari hizo gazetini. Ni wale wale waliokuwa wakinywa nyumbani kwa nyanyake. Nilimwuliza kuka, "Mbona unaupenda, na wewe hukuenda Afrika Kusini?" Akanijibu, "Mwanangu, treni ni moja. Hii inapita hapa, ilipeleka ndugu yangu Nairobi na hakurudi. Kukhu yako alimngoja mpaka akafa." Sikuwahi kujua kwamba kuka alikuwa na ndugu mpaka siku ile. Tarumbeta ndilo lililoifungua siri hiyo, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kusimulia.

Lakini sehemu ya maisha ya Masekela ninayoipenda zaidi haisemwi sana redioni. Miaka ya themanini aliacha fahari ya Marekani akaenda kuishi Botswana, karibu na mpaka wa nchi yake asiyoruhusiwa kuingia. Nasi watu wa mpakani twajua hali hiyo: kuona moshi wa jikoni kwenu na huwezi kuvuka. Huko Gaborone, mwaka 1985, alianzisha pamoja na wenzake shule ya muziki, Botswana International School of Music. Warsha ya kwanza ilifanyika mwaka huo huo. Watu wa kila umri walikuja, wajuzi na wasiojua lolote, na yeye, mtu aliyewahi kuongoza chati za Marekani, akasimama kufundisha darasa la jazi, na siku ya mwisho akapiga pamoja nao. Warsha ile iliendelea miaka mingi baadaye kama kambi ya muziki ya Botswana.

Yeye hakudumu pale. Tarehe 14 Juni 1985 makomando wa makaburu walivuka mpaka usiku wakaua watu 12 mjini Gaborone, miongoni mwao marafiki zake. Akalazimika kuondoka tena, safari hii hadi Uingereza. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amepokea barua ya kumtakia heri ya siku ya kuzaliwa iliyopenyezwa kutoka gerezani, mwandishi wake akiwa Nelson Mandela. Alilia, kisha akatunga wimbo wa kudai Mandela arudishwe nyumbani. Mandela alitoka gerezani mwaka 1990, na Masekela naye akarudi kwao.

Sitaki umdhanie malaika. Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 2004 alikiri bila kuficha kwamba pombe na dawa za kulevya zilimla miaka mingi, zikamla na mali. Alikuwa karibu na umri wa miaka 60 alipokwenda kutibiwa akaacha. Kisha akasaidia kuanzisha mpango wa kuwasaidia wanamuziki wengine wenye tatizo hilo hilo. Kwetu sisi vijana wa Busia na Malaba, ambako kila kitu hupita mpakani, cha halali na cha haramu, funzo hilo lina uzito wake. Alifundisha kwa kipaji chake, na alifundisha kwa jeraha lake.

Uzeeni alikuwa na hofu moja aliyoirudia kila mahali: kwamba siku moja wajukuu wetu wataulizwa wao ni nani, nao watajibu kuwa, eti, inasemekana zamani tulikuwa Waafrika. Alihimiza watoto wafundishwe lugha na ngoma za kwao. Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tukisikia hivyo tunajua kwamba alikuwa mwenzetu. Hugh Masekela alifariki tarehe 23 Januari 2018, akiwa na umri wa miaka 78.

Basi turudi stooni kwetu. Wanafunzi tisa tumekuwa tukijifunza kupiga matarumbeta yale kwa mihula miwili sasa, kwa ruhusa ya mwalimu wa zamu. Mwalimu wetu wa muziki ni mzee mmoja aliyestaafu, aliyepiga kwenye bendi ya Jeshi la Wokovu tangu ujana wake. Huja kila Jumamosi kwa bodaboda, na nauli hujilipia mwenyewe. (Neno bodaboda, kama ulikuwa hujui, lilizaliwa hapa hapa mpakani, watu wakibebwa kwa baiskeli kutoka boda hadi boda. Dunia nzima siku hizi inasema neno letu.)

Siku ya kwanza nilipuliza hadi macho yakataka kutoka, tarumbeta likatoa sauti ya bata mgonjwa. Mzee akacheka. "Mulembe, ndugu. Sasa sikiliza. Wacha mashavu, mashavu ni ya ugali. Hii kitu inataka midomo na tumbo." Alinifundisha kutetemesha midomo bila chombo, kama mtoto anayeigiza pikipiki. Ule mtetemo ndio sauti yenyewe, bomba kazi yake ni kuikuza. Bomba la tarumbeta likinyooshwa linafika karibu mita moja na nusu. Vitufe vitatu vinafungua njia za ziada ili hewa izunguke mbali zaidi, na kwa kuvibonyeza kwa namna mbalimbali unapata urefu saba tofauti tu. Noti nyingine zote zinatoka kwenye midomo yako na pumzi yako. Ndiyo maana mzee husema, "Vidole ni vitatu, lakini midomo ndiyo mwalimu mkuu."

Nilimweleza habari za mkutano wa wazazi. Alikaa kimya, akawa analipangusa tarumbeta kwa kitambaa. Kisha akasema, "Unajua hii ilikuwa ya nani mbele yako? Kuna kijana aliipiga, akaenda polisi, wakamchukua bendi. Kuna msichana aliipiga, sasa ni mwalimu, anafundisha watoto nyimbo. Hiyo mizani yao itapima shaba. Hao watu itawapima vipi?" Halafu akaniambia nirudie skeli kutoka mwanzo, maana nilikuwa naizembea.

Hilo ndilo jibu letu kwa mzazi, kwa heshima zote. Shaba ya matarumbeta manne haitazidi kilo chache. Pesa zake zitanunua vitabu vya muhula mmoja, na muhula wa pili vitakuwa vimechanika. Lakini tarumbeta moja lililotoka kwa kasisi, likapata mzee wa manispaa wa kulifundisha, lilifika New York, likafika Kinshasa, likarudi Gaborone kuwafundisha wengine, na likamfikia kibarua wa reli hapa Malaba likamfungua kinywa. Kama kasisi yule angepiga hesabu za kilo, hakuna lolote kati ya hayo lingetokea.

Wala hatuombi shule itoe pesa nyingi. Tumekaa kama chama tukakubaliana haya. Kwanza, tutasafisha stoo wenyewe na kuwafukuza panya. Pili, tutachanga shilingi 20 kila mwanachama kila mwezi kununua mafuta ya vitufe na kitambaa. Tatu, siku ya michezo tutapiga mbele ya wazazi, nyimbo tatu: mmoja wa Kiteso ambao kawaida hupigwa kwa akogo, mmoja wa isukuti, na wimbo wa taifa. Vitabu vya marudio tutaazimana. Tunamwomba mwalimu mkuu na kamati wangoje hadi siku hiyo, wasikie kwanza, kisha waamue.

Na yule mzazi aliyeuliza swali, tutamtengea kiti cha mbele kabisa. Tunamwomba aje na swali lake lile lile.